FIGO MOJA, WAGONJWA WANNE



Katika namba hii sisi wa kundi la sayansi tulipaswa kuandika juu ya mafigo, kwa sababu ndilo somo tulilomaliza. Lakini somo lile liliishia kwa ulizo ambalo lilishinda kalasi nzima, na mpaka leo watu wanaendelea kubishana ku interna. Basi tumeona afazali tueleze jambo lenyewe toka mwanzo: namna gani kiungo cha mtu mmoja kinapatikana kwa ajili ya mwingine, namna gani kinachungwa kisioze, na nani anapaswa kukipata.

1. SIKU ILE KALASINI

Mwalimu wetu wa biolojia alikuja na makaratasi manne. Akasema: "Hapa kuna wagonjwa wanne. Mafigo yao yamekufa. Mimi ni hospitali, niko na figo moja tu. Muko na dakika kumi. Museme nani nitamupa."

Karatasi ya kwanza: mchungaji wa miaka 61, aliyeanzisha makanisa matatu. Ya pili: msichana wa miaka 14, wa kwanza katika kalasi yake. Ya tatu: mfanyabiashara, baba wa watoto wanane, ambaye ameahidi shule mabati mapya. Ya nne: kijana wa piki-piki, hana mke, na jirani wanasema anapenda pombe.

Mnajua wenyewe makelele yaliyofuata. Walioketi mbele walimtaka mchungaji. Wasichana wetu walisimama pamoja na msichana. Wengine walisema: "Tuchukue mabati, mvua inatupiga!" Hata mtu mmoja hakumtaja yule kijana wa piki-piki, isipokuwa kwa kumcheka.

Kisha Mwalimu akasema: "Geuzeni makaratasi." Nyuma ya kila karatasi paliandikwa kundi la damu. Mchungaji A, msichana O, mfanyabiashara A, kijana B. Na figo yenyewe ilitoka kwa mtu wa kundi B. Kati ya wote wanne, mwili mmoja tu ungeweza kuipokea, ule wa kijana tuliyemcheka. Mwalimu akasema: "Mumehukumu mioyo ya watu, na hamukuuliza hata damu yao."

Tulicheka kidogo. Lakini mwenzetu mmoja hakucheka. Baba yake anaugua mafigo, na tangu mwaka jana anaenda mjini kwenye mashine ya kusafisha damu. Aliuliza kwa sauti ndogo: "Na baba yangu, mungemuweka ku karatasi gani?" Hakuna aliyejibu. Magaribi, wakati wa kujisomea, alitufuata na ulizo la pili: "Mimi naweza kumupa figo yangu moja?"

Ametupa ruhusa tuandike haya bila jina lake. Maandiko haya ni jibu kwake kwanza, kisha kwa kila mtu.

2. KUPANDIKIZA NI NINI

Kila mtu ana mafigo mawili, kila moja kubwa sawa na ngumi, uzito wake karibu gramu 150. Kwa siku moja mafigo yanachuja karibu lita 180 za maji ya damu. Hesabu mwenyewe: ni bidoni tisa za lita 20! Karibu yote yanarudishwa ndani ya damu, na lita moja na nusu hivi inatoka kuwa mkojo, pamoja na taka za mwili. Magonjwa ya sukari na ya tansio, yakikaa miaka bila kutunzwa, yanaharibu chujio hilo pole pole, mara nyingi bila maumivu. Mtu anapoona miguu inavimba na pumzi inakatika, kumbe kazi imekwisha kuharibika sana.

Hapo kunabaki njia mbili. Ya kwanza ni mashine: damu inatoka mkononi, inapita ndani ya chujio, inarudi mwilini. Kwa desturi ni mara tatu kwa juma, karibu saa nne kila mara. Mashine haiponyeshi, inamvusha mtu tu mpaka siku ya tatu. Njia ya pili ni kupandikiza figo ya mtu mwingine.

Wenzetu wa agronomia wanajua neno hili. Wanakata kichipukizi cha mchungwa na kukiunganisha juu ya shina la mlimao, nacho kinashika na kuzaa. Kwa mtu, munganga anaunganisha mshipa kwa mshipa. Wengi hawajui jambo hili: kwa kawaida mafigo ya zamani hayaondolewi. Figo mpya inawekwa chini ya tumbo, karibu na paja, na mgonjwa anaishi akiwa na mafigo matatu, ambayo moja tu linafanya kazi.

Lakini mwili wa mtu si mlimao. Chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wetu, zinatambua kila kitu kigeni na kukipiga. Kundi la damu ni alama moja. Kuna na alama zingine juu ya chembe zetu. Mfaransa Jean Dausset alivumbua ya kwanza mwaka 1958, na akapewa zawadi ya Nobel mwaka 1980. Alama hizo tunazirithi: nusu kwa baba, nusu kwa mama. Kwa hiyo mtoto anafanana na baba yake nusu sawasawa. Lakini kwa ndugu wawili wa baba na mama mmoja ni bahati: nafasi moja kati ya nne wafanane kabisa, mbili kati ya nne wafanane nusu, na moja kati ya nne wasifanane hata kidogo. Wa mwaka wa sita wataona hesabu hii ni ile ile ya Mendel.

Ndiyo sababu upandikizaji wa kwanza wa figo uliofaulu ulikuwa wa mapacha. Siku ya 23 Desemba 1954, kule Boston, Marekani, munganga Joseph Murray na wenzake walitoa figo moja ya kijana Ronald Herrick na kumpandikizia pacha wake Richard. Walikuwa mapacha wa yai moja, basi mwili wa Richard haukuona ugeni. Mbele ya kuanza, wanganga waliuliza hata watumishi wa dini: ni halali kumpasua mtu mwenye afya kusudi kumsaidia mwingine? Kiapo chao kinawakataza kumdhuru mtu. Jibu lilikuwa kwamba inawezekana, kama yule mtoaji anaelewa hatari na kukubali yeye mwenyewe. Richard aliishi miaka nane zaidi, akaoa, akazaa watoto wawili. Ronald, mwenye kubaki na figo moja, alikufa mwaka 2010 akiwa na miaka 79.

Kwa wasio mapacha ilipaswa kungoja dawa. Iliyobadilisha mambo ni siklosporini, iliyopatikana katika uyoga mdogo wa udongo na kuchunguzwa kule Basel, Uswisi, katika miaka ya 1970. Ilianza kutumika sana toka 1983. Dawa za namna hii zinatuliza askari wa mwili, na mgonjwa anazimeza kila siku, maisha yake yote. Akiacha, figo inakataliwa.

3. VIUNGO VINATOKA WAPI

Vinatoka kwa watu wazima walio hai, ao kwa watu waliokufa.

Mtu mzima anaweza kutoa figo moja, ao kipande cha maini, kwa sababu maini yanaota tena. Figo inayobaki inaongezeka ukubwa na kuchukua sehemu kubwa ya kazi ya mwenzake. Hata hivi, kupasuliwa si mchezo: kuna hatari ndogo ya kufa, na mtoaji anapaswa kupimwa tansio na mkojo kila mwaka. Kwa hiyo wanganga wanaangalia kwanza kama yeye mwenyewe ana afya, na mtu asiye katika kundi la wapasuaji anazungumza naye peke yake, kusudi ajue kama hakusukumwa na jamaa. Mpaka dakika ya mwisho ana haki ya kusema hapana.

Nchi za jirani zetu zimeanza kwa njia hii. Dar es Salaam, kwenye hospitali ya Muhimbili, walipandikiza figo mwaka 2017. Kigali na Kampala walianza mwaka 2023.

Kwa moyo, au kwa mapafu mazima, kuna njia moja tu: mtoaji amekwisha kufa. Hapa ndipo watu wengi wanaogopa, basi tueleze pole pole.

Kwa kawaida mtu akifa, moyo unasimama, damu haitembei, na viungo vinaharibika upesi. Lakini kuna kifo cha namna nyingine. Mtu amepigwa na gari, ao mshipa umepasuka ndani ya kichwa. Yuko hospitalini, mashine inapumua kwa ajili yake. Moyo unaendelea kupiga kwa sababu hewa inaingia, lakini ubongo wote umekufa na hautarudi kamwe. Mtu huyu si kama mgonjwa anayelala usingizi mrefu. Mgonjwa wa usingizi mrefu anaweza kuamka. Huyu amekufa, na siku wakizima mashine, moyo nao utasimama. Mwaka 1963, kule Louvain, Ubelgiji, munganga Guy Alexandre alikuwa wa kwanza kupandikiza figo iliyotoka kwa mtu wa namna hii. Mwaka 1968 waalimu wa chuo kikuu cha Harvard waliandika alama za kifo cha ubongo, na kisha nchi nyingi zikaziingiza katika sheria zao.

Wanajuaje? Wanamulika macho, mboni hazijikazi. Wanagusa jicho, halifumbi. Wanatia maji baridi sikioni, macho hayasogei. Wanasimamisha mashine kidogo huku wakitia hewa safi, na wanatazama kama kifua kitajaribu kupumua chenyewe. Kikijaribu hata mara moja, mtu yu hai. Sheria ya Ubelgiji inaomba wanganga watatu wakubaliane, na hata mmoja wao asiwe yule atakayepasua ao anayemtunza mgonjwa mwenye kungoja. Ni hekima: mwenye njaa asiwe mlinzi wa shamba.

Na ruhusa? Nchi zingine zinasema: hatugusi mwili kama mtu hakukubali mbele, ao kama jamaa hawakubali. Zingine zinasema: asiyekataa amekubali. Ubelgiji ni ya namna hii ya pili, kwa sheria ya tarehe 13 Juni 1986. Neno hili linawahusu hata wandugu zetu wa Kongo walio kule Bruxelles ao Liège, kwa maana sheria inashika hata mgeni aliyeandikwa katika kitabu cha wakaaji zaidi ya miezi sita. Asiyetaka anaandikisha kukataa kwake, na hakuna anayemuuliza sababu. Ni vizuri kujua, kusudi mtu akubali ao akatae kwa akili yake, siyo kwa kutokujua.

Mtoaji mmoja aliyekufa anaweza kusaidia watu wengi: mafigo mawili, maini, moyo, mapafu mawili, kongosho, ile tunayoita pankreasi katika masomo, na matumbo. Baada ya kazi mwili unashonwa kwa heshima na kurudishwa kwa jamaa. Wanauosha, wanauvika, kilio kinafanyika, wanazika sawa na kawaida. Tulimuuliza mchungaji wetu wa shule kama jambo hili linazuia ufufuo. Alitujibu kwa ulizo: "Na wale walioliwa na simba, ao waliozama baharini, Mungu atawakosa?"

4. NAMNA YA KUCHUNGA KIUNGO

Tangu damu inapokoma kupita, saa inaanza kuhesabu. Chembe haina tena oksijeni, inakula akiba yake ndogo, inajaa asidi, inavimba na kupasuka. Adui ni joto, kwa sababu chembe yenye joto inafanya kazi nyingi na kula sana. Tukiishusha mpaka karibu digri 4, inatumia kama sehemu moja tu kati ya kumi ya chakula chake cha kawaida.

Basi wanganga wanafanya hivi. Mbele ya kukata kiungo, wanapitisha ndani ya mishipa maji ya baridi sana, mpaka damu yote itoke na kiungo kibadilike rangi. Si maji ya bomba. Yamechanganywa na chumvi na sukari za namna ya pekee zinazozuia chembe zisivimbe. Maji yanayojulikana sana yalitengenezwa katika miaka ya 1980 katika chuo kikuu cha Wisconsin, Marekani, na Folkert Belzer na James Southard. Kisha kiungo kinafungwa ndani ya mifuko mitatu, mmoja ndani ya mwingine, na kuwekwa ndani ya sanduku lenye barafu.

Kwa nini wasikigandishe kabisa, kikae miaka? Weka nyanya ndani ya frigo, pale juu penye kugandisha, kesho uitoe na kuiacha ipate joto. Itakuwa uji. Maji yaliyomo yamekuwa vipande vya barafu vyenye ncha, na vimetoboa chembe zote. Figo nayo ingekuwa hivyo. Basi kiungo kinapaswa kuwa baridi, lakini kisigande.

Hata ndani ya baridi, muda ni mfupi. Moyo: saa nne, labda sita. Mapafu: sita mpaka nane. Maini: karibu kumi na mbili. Figo inavumilia zaidi: siku moja, hata siku moja na nusu. Ndiyo sababu unasikia juu ya ndege ya usiku na gari la polisi mbele. Siku hizi kuna na mashine zinazopitisha maji ao damu ndani ya kiungo kikiwa nje ya mwili, nazo zinaongeza muda na kuonyesha mbele kama kiungo bado ni kizuri. Ngozi ya mbele ya jicho, ambayo inarudishia vipofu wengi macho, haina haraka sana. Inaweza kutolewa masaa baada ya moyo kusimama, na kuchungwa kwa majuma.

5. NANI ANAPEWA

Sasa tumefika kwenye ulizo la kalasi yetu. Tulifikiri Mwalimu aliutunga mchezo ule. Kumbe ulikuwa kweli.

Kule Seattle, Marekani, munganga Belding Scribner alipata mwaka 1960 namna ya kumfunga mgonjwa kwenye mashine ya damu mara kwa mara bila kuharibu mishipa yake. Kwa mara ya kwanza mwenye mafigo yaliyokufa aliweza kuishi miaka. Lakini mashine zilikuwa chache na wagonjwa wengi. Ikafanyika komite ya watu saba: mwanasheria, mchungaji, mtu wa benki, mama wa nyumbani, mkubwa wa serikali, kiongozi wa wafanyakazi, na munganga mmoja mpasuaji. Wanganga walichuja kwanza kwa ugonjwa. Kisha komite ilichagua nani ataishi. Walitazama nini? Umri, kama ameoa, ana watoto wangapi, mapato yake, masomo yake, kazi yake, hata kama anaenda kanisani.

Mwaka 1962 gazeti Life lilieleza habari hiyo, na watu wengi walishituka. Wale saba hawakuwa wabaya. Hawakulipwa, na wengine walilala vibaya usiku. Lakini walichagua watu waliofanana na wao wenyewe. Mwanafunzi maskini, mtu asiye na kazi, mtu wa tabia ya ajabu, hawakuwa na mtetezi mezani. Sisi tulifanya nini siku ile? Sisi wa shule ya kanisa tulimtaka mchungaji, wasichana walimtaka msichana, na wenye kunyeshewa walitaka mabati. Mwaka 1972 Marekani ilifanya sheria kwamba serikali ilipie mashine kwa karibu kila mgonjwa wa mafigo, na komite ya namna ile ikakosa kazi.

Serikali inaweza kununua mashine zingine. Viungo haiwezi kuvitengeneza. Kwa hiyo ulizo linabaki, na nchi zimetafuta njia ya kugawanya bila kutazama uso. Mfano mmoja ni Eurotransplant, iliyoanzishwa mwaka 1967 kule Leiden, Uholanzi, na munganga Jon van Rood. Leo inaunganisha nchi nane, pamoja na Ubelgiji na Ujerumani. Kila mgonjwa anaandikwa katika orodha moja. Kiungo kikipatikana, kompyuta inahesabu.

Kwa figo inahesabu hivi: kundi la damu, alama za chembe zinafanana kiasi gani, mtu amengoja miaka mingapi tangu alipoanza mashine, umbali wa safari, na kama nchi moja imetoa mengi na kupokea machache. Watoto wanaongezewa alama, kwa sababu mashine inazuia kukua kwao. Kwa moyo na maini, anayekaribia kufa anatangulia. Feza za mgonjwa, cheo chake, kabila lake na kanisa lake havimo katika hesabu.

Kuna sheria moja tumeipenda. Figo ya kundi O inaweza kupokelewa na karibu kila mtu, lakini mgonjwa wa O anaweza kupokea ya O tu. Kama tungemwachia kila mtu, wagonjwa wa A na B wangemaliza mafigo ya O, na yule wa O angekufa akingoja. Kwa hiyo figo ya O inapewa kwanza mgonjwa wa O. Mwenye mlango mmoja anaachiwa mlango wake.

Tusidanganyane, sheria haiondoi maumivu yote. Kuna wenye kusema apewe aliyengoja sana. Wengine wanasema apewe atakayeishi nayo miaka mingi. Maneno haya mawili yanapigana, na kila nchi inayapima namna yake. Na mlevi mwenye maini yaliyokufa? Hospitali nyingi zimemwomba miezi sita bila pombe. Sababu iliyotolewa ni kujua kama maini mapya yatadumu, siyo kumuadhibu. Lakini hata wanganga wanabishana kama kipimo hicho ni cha haki.

Tunakumbuka Cape Town, Afrika ya Kusini. Tarehe 3 Desemba 1967, munganga Christiaan Barnard alipandikiza moyo wa kwanza wa mtu. Moyo ulikuwa wa Denise Darvall, msichana mzungu wa miaka 25 aliyegongwa na gari. Baba yake alikubali, siku ile ile aliyompoteza na mke wake. Louis Washkansky aliyeupokea aliishi siku 18. Figo moja ya Denise ilipewa mtoto wa miaka 10 ambaye sheria za nchi ile hazikumhesabu kuwa mzungu. Mwezi uliofuata moyo wa Clive Haupt, kijana ambaye naye hakuhesabiwa kuwa mzungu, uliwekwa ndani ya mzungu Philip Blaiberg, akaishi nao miezi 19. Katika nchi ambamo sheria iliwakataza kukaa pamoja ndani ya treni, moyo wa mmoja ulipiga ndani ya kifua cha mwingine. Mwili haukuuliza rangi. Watu ndio walioiuliza.

6. JUU YA KUUZA NA KUIBA

Ku interna kuna hadisi ya mtu aliyelala hoteli akaamka bila figo. Baada ya kusoma yaliyo juu, jiulizeni: damu ilipimwa wapi? Alama za chembe? Nani alipitisha maji ya baridi? Chumba cha upasuaji kilikuwa wapi? Kazi hii haifanyiki gizani na mtu mmoja mwenye kisu.

Lakini uovu wenyewe upo, na unavaa nguo nyeupe. Hospitali moja ya Durban, Afrika ya Kusini, ilikubali kosa mbele ya tribunali mwaka 2010. Kati ya 2001 na 2003 palipandikizwa mafigo zaidi ya mia moja kinyume cha sheria. Matajiri wa ng'ambo walilipa, na maskini walioletwa kutoka Brazil na nchi zingine waliuza. Yule maskini hakuibiwa usiku, alidanganywa mchana. Alipewa sehemu ndogo ya feza, akarudi kwao na kovu, bila munganga wa kumfuata. Kwa hiyo Shirika la Afya la Dunia, OMS, linakataza kuuza na kununua viungo, na karibu nchi zote zimeweka sheria hiyo. Mtu akikuambia kuna kazi nzuri nchi fulani, na kwanza unapaswa kupimwa damu na mkojo, simama na uulize.

Mtume Yakobo alikemea kanisa lililompa tajiri kiti kizuri na kumwambia maskini akae chini. Figo ikiuzwa, tajiri anapata kiti na maskini anakuwa kiti chenyewe.

7. JIBU KWA MWENZETU

Ndugu yetu, uliuliza maulizo mawili.

La pili kwanza. Wewe una miaka 16. Huwezi kumpa baba figo sasa. Kanuni za OMS na sheria za nchi nyingi zinalinda walio chini ya miaka 18, kwa sababu mtoto ni vigumu kusema hapana mbele ya jamaa yake. Si kwamba upendo wako ni mdogo. Na hata ukifika umri, itapaswa kundi la damu likubali, alama zipimwe, na mafigo yako yaonekane mazima. Tena baba mwenyewe anaweza kukataa. Wazazi wengi wanakataa figo ya mtoto wao. Usihesabu kwamba ni kukukataa wewe.

Ulizo la kwanza: tungemweka baba yako ku karatasi gani? Tunaona haya kwa ginsi tulivyocheza siku ile. Leo tunajibu hivi: tusingemweka katika karatasi yoyote yenye kuandikwa kazi yake na kanisa lake. Tungemwandika katika orodha, kwa kundi la damu yake na siku aliyoanza mashine. Kiungo ni zawadi. Hakuna aliyestahili kukipata kuliko mwingine, kwa hiyo kinapaswa kugawanywa kwa sheria ambayo wote wanaijua mbele, na ambayo haibadiliki mtu anapoingia mlangoni.

Mwenzetu alisoma maandiko haya mbele ya kuchapwa. Ametuomba tuongeze neno moja: dada yake mkubwa, mwenye miaka 24, amekubali kupimwa. Kundi la damu linapatana na la baba. Majibu mengine bado. Anaomba msimuulize kila asubuhi kama yamefika. Yakifika atasema mwenyewe. Anaomba maombi yenu.

Na makaratasi manne ya Mwalimu bado yako kwenye ukuta wa kalasi. Mtu amekwisha kuyageuza: sasa ni upande wa damu unaoonekana.

Kundi la sayansi, mwaka wa tano na wa sita